Mkeka wa Kukatia na Meza ya Marehemu Baba

Msomaji, hapana shaka umepata kuona kitu kizuri kikiingia nyumbani na kukosa mahali. Kabati hununuliwa sokoni, likafika mlangoni likakataa kupita. Godoro huletwa likapita urefu wa kitanda. Kioo cha dirisha hukatwa mjini, nacho kikifika kwenye dirisha huonekana kimezidi kwa upana wa kidole. Kitu hakina kosa, na mahali hapana kosa. Kila kimoja kilipimwa na mtu wake, na watu wale wawili hawakupata kuonana. Nataka kukueleza habari ya kitu cha namna hiyo, kitu cha bei ya kiasi, ambacho kilitushughulisha siku mbili nzima katika chumba chetu cha kazi pale Majengo ya Embu, na ambacho nusura kitukosanishe na mzee tunayemheshimu.

Nasema Majengo ya Embu kwa sababu Majengo ni mengi. Mombasa kuna Majengo, Nairobi kuna Majengo, na Nyeri, Nanyuki na Meru vilevile. Ukivuka mpaka utayakuta Moshi na Dodoma. Aghalabu ni mitaa iliyokua kando ya miji ya serikali ya kikoloni, ikakaliwa na watu waliokutana kutoka pande nyingi: wachukuzi, askari waliomaliza kazi, wachuuzi, mafundi wa cherehani. Lugha yao ya kusikilizana ilikuwa Kiswahili. Embu ilifanywa kituo cha utawala wa Waingereza mwaka 1906, nayo ikapata Majengo yake kama miji mingine. Marehemu baba yangu alifungua chumba chake cha kazi humo, na sisi tungalimo.

Kazi yetu ni kujalidi vitabu. Kitabu kilichoachana mgongo huletwa kwetu, tukakishona upya kwa uzi, tukakitia gundi, tukakivisha jalada jipya la kadibodi na kitambaa. Wateja wetu ni shule, misikiti na makanisa, mawakili wachache, na watu wenye kitabu kimoja tu wakipendacho. Kazi hii ni ya zamani katika Uswahili kuliko wengi wadhanivyo. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, karne ya 18 na ya 19 palikuwa na mafundi walionakili misahafu kwa mkono na kuipamba kwa wino wa rangi, na baadhi ya misahafu yao imehifadhiwa mpaka leo. Sisi hatujifananishi nao. Sisi huletewa vitabu vya hesabu vilivyomwagikiwa chai.

Jalada huanza kwa kukata, na kukata hutaka kitu cha chini cha kuupokea wembe. Hapa mtu asiyekuwa fundi hupita haraka, kwa maana huona kisu na kadibodi tu, asione kilicho chini yake. Lakini kilicho chini kina neno lake. Ukikatia juu ya mbao, wembe hufuata nyuzi za mti badala ya kufuata rula, na baada ya majuma machache mbao hujaa mifereji inayouvuta wembe kila upitapo. Ukikatia juu ya kioo, mstari huwa safi, walakini ncha ya wembe hufa upesi, tena kisu huteleza kama mtu mwenye viatu vipya juu ya sakafu iliyopakwa nta. Ukikatia juu ya kadibodi kuukuu, huna budi kuibadili kila mara, na fundi wa vitabu hana kadibodi ya kuchezea.

Mkeka wa kukatia ni dawa ya maradhi hayo. Usilisadiki sana jina lake. Haukusukwa kwa ukindu, hapana akaaye juu yake, na bibi zetu wangeuona wangecheka. Ni bamba la plastiki ya aina ya PVC, unene wake milimita 3 hivi, aghalabu la rangi ya kijani, lililochorwa mistari ya sentimita kwa marefu na mapana kama daftari la hesabu. Wembe upitapo juu yake hauondoi chembe ya plastiki. Huitenga tu, kama kitana kitengavyo nywele, na plastiki kwa kuwa ni nyumbufu hurudi na kuufumba mwanya. Wauzaji husema kwamba mkeka hujiponya. Neno hilo ni tamu kupita kiasi. Jeraha jepesi hufumba, lakini ukikata kwa nguvu mahali pale pale kila siku, halifumbi. Hata hivyo, kwa fundi mwenye mkono wa kadiri, mkeka mmoja hudumu miaka.

Likumbuke jambo hilo, msomaji, kwa kuwa ndilo lililoifanya kazi yetu kuwa ngumu. Tulitaka kukikata kitu kilichobuniwa ili kisikatike.

Mwezi wa Novemba 2023 tulikubali kujalidi vitabu 140 vya maktaba ya shule moja ya msingi, navyo vilitakiwa viwe tayari kabla ya shule kufunguliwa Januari 2024. Kwa ubao wetu wa kukatia uliochakaa tusingeweza. Tukachanga fedha watu watatu: mimi, mke wangu ambaye ndiye mshonaji, na mpwa wangu, binti wa miaka 20, ambaye ndiye mkataji. Mchango wa binti ulikuwa mkubwa kuliko wetu sote. Alikuwa akiweka akiba ya kununua simu, kwa kuwa kioo cha simu yake kilipasuka. Akaitoa akiba yote, akasema kwamba kioo kilichopasuka bado chaonyesha. Nilijaribu kumkataza, naye akaniuliza kama nina fedha nyingine. Sikuwa nazo.

Akaenda Nairobi mwenyewe. Huko aliona mikeka ya vipimo viwili iliyoweza kutufaa: mmoja wa sentimita 60 kwa 45, na mwingine wa 90 kwa 60. Ule mdogo haukutosha, maana jalada la rejista kubwa, likilazwa pande zake mbili na mgongo wake katikati, huupita. Ule mkubwa, kwa upande wake, uliipita meza yetu. Binti alijua hayo kabla hajalipa. Alikuwa na vipimo vya meza katika kikaratasi. Akachagua kikubwa, kwa hoja ambayo sikuweza kuipinga, kwamba kikubwa chaweza kupunguzwa na kidogo hakiwezi kuongezwa.

Wauzaji huuita mkeka wa kipimo hicho A1, nami nataka kukutahadharisha kidogo. A1 ni jina la karatasi, katika utaratibu uliotungwa Ujerumani na mhandisi Walter Porstmann ukatangazwa mwaka 1922, ambao karatasi kubwa ikigawanywa katikati huzaa mbili zenye umbo lile lile la mama yao. Karatasi ya A1 ni milimita 841 kwa 594. Mkeka uitwao A1 aghalabu huwa mkubwa kidogo, kwa ajili ya pambizo. Basi ukienda kununua, nenda na futi yako.

Kutoka Nairobi hadi Embu ni kama kilomita 125. Kondakta wa matatu alitaka kuuviringisha mkeka na kuusukuma chini ya viti. Binti akakataa, kwa kuwa plastiki ya namna hiyo ikikunjwa na kupata joto hujipinda, na ikijipinda kuinyosha ni kazi. Akaushika wima mbele ya magoti yake njia nzima, kama mtu anayesafiri na mlango. Abiria mmoja alimwuliza ni ubao wa shule gani.

Sasa nikueleze habari za meza. Baba aliiacha alipofariki, na ni ya mbao ya Meru oki. Wewe ukaaye karibu na Mlima Kenya yamkini waujua mti huo. Wataalamu huuita Vitex keniensis, nao huota katika misitu ya miteremko ya mlima. Ulikatwa sana kwa ajili ya mbao zake nzuri, hata sasa umetiwa katika orodha ya miti iliyo hatarini. Urefu wa meza ni sentimita 84. Upana wake nitausema baadaye, kwa sababu upana ndio uliozusha maneno.

Utaniuliza: kwa nini msiuache mkeka uning'inie kidogo kando ya meza? Tulijaribu asubuhi moja. Sehemu inayoning'inia huinama kwa uzito wake yenyewe, na meza ipo karibu na dirisha, na Embu ni nusu digrii tu kusini ya mstari wa ikweta. Jua liingiapo, plastiki hulainika na kuinama zaidi. Tena kiwiko cha mkataji huugusa ukingo ule, mkeka ukasogea chini ya rula wakati wembe uko njiani. Zaidi ya yote, mkono uliozoea kuona kijani hudhani kwamba chini ya kijani kuna meza. Siku ambayo kisu kitashuka kwa nguvu mahali pasipo na meza, paja la mtu li karibu. Sikuusubiri ushahidi wa hilo.

Mke wangu alitaka meza iongezwe ubao. Shauri lake lilikuwa jema, illa mlango wetu hufungukia ndani na kuishia upana wa kiganja kutoka kwenye meza. Ukiongeza ubao, mlango haufunguki sawasawa, na masanduku ya vitabu hupita hapo. Ikabaki kuupunguza mkeka.

Tukamwita mzee seremala, jirani yetu. Tulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba ana rula ya chuma ya mita moja na jiliwa za kubania, vitu ambavyo hatuna. Ya pili ni kwamba yeye ndiye aliyeitengeneza meza ile, mwaka 1967, alipokuwa kijana, na baba alikuwa mteja wake wa kwanza. Si adabu kushughulika na kazi ya mtu aliye hai, naye yupo nyumba ya tatu, bila ya kumwambia.

Mzee akaja, akaketi, akanywa chai, akautazama mkeka kwa macho ya mtu aliyeona mambo mengi mapya yakipita. Kisha akasema:

"Kazi ndogo. Lazeni mkeka juu ya meza, mpitishe kalamu chini yake mkifuata ukingo wa meza pande zote, kisha mkate alama. Utakaa kama ngozi juu ya ngoma."

Nilikwisha inuka kutafuta kalamu. Mpwa wangu alikuwa ameinama, futi mkononi. Akapima upana wa meza upande wa kushoto, akapima upande wa kulia, akarudi kushoto. Akapima mara ya tatu. Nikajua kuna neno, na nikajua ni neno gani, kwa kuwa nimeifanyia kazi meza ile miaka mingi na jicho langu lilikwisha niambia ambalo futi haikuniambia. Lakini ni nani atakayesema, mbele ya fundi mwenye miaka karibu 80, kwamba meza yake imekwenda upande?

"Babu," akasema binti, "naomba uniwie radhi. Meza hii kushoto ni sentimita 54 na nusu, na kulia ni 56."

Mzee hakujibu. Mke wangu akaona kwamba chai imepoa, akatoka nayo.

"Nikifuata ukingo wa nyuma wa meza," binti akaendelea, na sauti yake ilikuwa chini lakini haikutetemeka, "ukingo wa mkeka utakwenda mshazari, na mistari ya mkeka itakwenda sawa. Nitakuwa na kweli mbili mezani. Mkono utafuata ile iliyo karibu."

Ngoja nikufafanulie maneno yake, maana yana hesabu ndani yake. Fundi wa vitabu huwa na haraka. Kadibodi nyingi huzikata kwa kuulinganisha ukingo wa kadibodi na ukingo wa mkeka, kisha kuilaza rula juu ya mistari iliyochorwa. Ukingo na mistari vikiwa sambamba, hupata umbo la pembe mraba pasipo kufikiri. Sasa meza yetu imepanuka kwa sentimita 1 na nusu katika urefu wa sentimita 84. Mkeka ukikatwa kuifuata, kila kadibodi ya urefu wa sentimita 30 itakayoegemezwa ukingo ule itatoka na tofauti ya zaidi kidogo ya nusu sentimita baina ya mwanzo wake na mwisho wake. Nusu sentimita katika ukuta wa nyumba si kitu. Katika jalada la kitabu, kurasa huchungulia upande mmoja kama shati lililotoka ndani ya suruali, na kitabu kikisimamishwa kwenye rafu huegemea jirani yake. Vizidishe kwa 140.

Mzee alikaa kimya muda ambao niliuona mrefu. Kisha akacheka, si kicheko cha hasira.

"Mjukuu wangu," akasema, "unadhani mwaka 1967 sikuwa na skwea?"

Akatueleza ambalo sikupata kulisikia kwa baba. Chumba cha kwanza cha baba kilikuwa katika nyumba ya zamani ya miti na udongo, upande mwingine wa Majengo. Pembe ya chumba kile haikuwa pembe mraba. Ukuta wa nyuma ulikwenda ukijitenga kila usogeapo kulia. Meza iliyonyoka ilipowekwa pale iliacha mwanya nyuma yake, na karatasi za watu zikawa zinaanguka humo na kuliwa na mchwa. Baba akamwomba seremala aitengeneze meza nyingine itakayokaa ukutani bila mwanya. Naye akaupima ukuta, akaikata meza kuufuata. Ilikaa vizuri, akasema, hata sindano haikupita. Nyumba ile ilibomolewa zamani. Sasa pale hapana ukuta wala pembe, na sura ya ukuta ule imebaki katika meza yetu peke yake.

Binti akatafakari kidogo.

"Basi Babu, ukuta uliipinda meza. Meza isiupinde mkeka."

Nilimtazama mzee nione kama amelichukua neno lile kwa ubaya. Hakulichukua. Aliivuta rula yake ya chuma kutoka ndani ya gunia, akampa binti kwa mikono miwili, akamwambia, "Kata wewe."

Mimi naona kwamba wote wawili walisema kweli, na hili si neno la kutaka kumpendeza kila mtu. Mwaka 1967 kazi ya meza ilikuwa kuzuia karatasi zisianguke, na ukingo uliopinda ulizizuia. Mwaka 2023 kazi ya mkeka ilikuwa kutoa pembe mraba mia kadha wa kadha katika mwezi mmoja. Fundi aulizaye tu kama kitu kimeenea mahali pake bado hajauliza swali lote; hapana budi aulize vilevile kimeenea kwa kazi gani. Mke wangu, aliporudi na chai ya moto, alipinga kwa hoja ya macho. Alisema kwamba ukanda wa mbao utaonekana nyuma ya mkeka, mwembamba kushoto na mpana kulia, kama kanzu iliyoshonwa fupi upande mmoja. Alisema kweli pia. Waonekana hivyo hata leo.

Ikabaki kuchagua mahali pa kukata. Mkeka una pambizo ya sentimita 1 na nusu kuzunguka mistari, na hesabu yake huanza sifuri katika pembe ya chini ya kushoto. Pembe hiyo haiguswi. Ukiikata, kila kipimo baada ya hapo ni cha kutoa na kujumlisha, na mtu akichoka jioni hujumlisha vibaya. Kwa hiyo tuliziacha kando za kushoto na za mbele kama zilivyotoka kiwandani, tukapunguza kulia na nyuma. Tulikata juu ya mistari iliyokwisha chorwa, maana mstari wa kiwanda umenyoka kuliko wowote ambao tungeuchora kwa kalamu. Kulia tulichagua mstari wa 82, nyuma mstari wa 52. Ukiongeza pambizo, mkeka ukawa sentimita 83 na nusu kwa 53 na nusu. Kwa urefu ikabaki nusu sentimita ya mbao, na hiyo tuliitaka, kwa kuwa plastiki hutanuka kidogo wakati wa joto, na ikibanwa pande zote huinuka katikati.

Kukata kwenyewe kulifanyika siku ya pili, asubuhi, kwa kuwa mwanga wa jioni hudanganya. Chini tuliweka bamba la plaiwudi lisilo na thamani, ili meza isipate kovu. Juu ya mstari wa 82 tuliilaza rula ya chuma, jiliwa moja huku na moja kule, na katikati nikaikandamiza kwa kiganja, vidole vyote vikiwa mbali na ukingo. Binti akamega wembe mpya.

Hapa niseme neno juu ya wembe huo, kwa kuwa wautumia shuleni na yamkini hujui ulikotoka. Visu vyenye wembe wa kumegwa kipande kwa kipande vilibuniwa Osaka, Japani, mwaka 1956, na Yoshio Okada, aliyefanya kazi ya uchapaji na kuchoshwa na nyembe zilizokufa ncha zingali nzima mwili mzima. Husimuliwa kwamba aliwakumbuka mafundi wa viatu waliovunja vigae vya kioo wapate makali mapya, akakumbuka na chokoleti zilizochongwa mistari ili zimegeke vizuri. Kampuni yake iliitwa OLFA, jina litokanalo na maneno ya Kijapani ya kuvunja wembe. Kwa kazi yetu siku ile fadhila yake ilikuwa kubwa, kwa sababu plastiki hula makali, na makali yaliyokufa ndiyo yamshurutishayo mtu kutia nguvu.

Na nguvu ndiyo adui. Mtu asiyejua hukamia kuukata mkeka kwa pigo moja. Wembe hukwama, hupinda, hutoka njiani, na yaliyotoka njiani hayarudishwi. Binti alipitisha kisu mara ya kwanza kama mtu aandikaye kwa penseli, bila ya kukata chochote cha maana. Alifanya njia tu. Mara ya pili aliifuata njia, na ya tatu, na ya nne, kila mara akianzia mbali na kumaliza karibu, kisu kikiwa wima kisielemee huku wala huku, mwili wake ukiwa kando ya njia ya wembe. Kila baada ya kupita mara tatu alimega ncha mpya. Mzee alikuwa amelishika jiliwa la upande wa pili, ingawa lilikuwa limebana na halikuhitaji kushikwa.

Hapakuwa na mazungumzo. Nje kulikuwa na mtu anauza ndizi, na kila alipopaza sauti niliomba kimoyomoyo asimshtue. Nilikuwa nikifikiri juu ya akiba ya simu, na vitabu vilivyopangwa hadi dirishani, na kwamba hatukuwa na fedha za mkeka wa pili. Kupita kwa nane au tisa, mlio ukabadilika. Ulikuwa mkavu, ukawa wa chini. Akaacha kisu. Tukaondoa rula, tukaugeuza ukingo kwa nyuma polepole, na mstari ukafunguka kama kitabu kifungukavyo, pakabaki utando mwembamba chini. Akaupitisha wembe mara moja kwa upande wa nyuma, na ukanda wa sentimita 6 na nusu ukaanguka sakafuni.

Upande wa 52 ulikuwa mrefu zaidi, lakini mkono ulikwisha jua. Sina mengi ya kukuambia juu yake.

Pembe mpya ilikuwa kali kama kijembe, tukaizungusha kidogo kwa wembe na kuilainisha kwa msasa, na kingo mbili zilizokatwa vilevile, maana ukingo mkali huchana kitambaa cha majalada. Mkeka ukalazwa. Mzee akaitoa skwea yake mwenyewe, akaiweka kwenye pembe ile, akafumba jicho moja. Hakusema kitu. Aliirudisha skwea katika gunia, akaomba apewe ukanda mmoja wa masalio awekee chini ya patasi zake zinapotoboa. Tukampa ule mrefu. Mfupi binti aliukata vipande vitatu vya kukatia ngozi za pembe za rejista, na kimoja akampa mwanafunzi wa sekondari wa nyumba ya jirani ambaye alikuwa akikata karatasi za mradi wake juu ya meza ya kulia chakula, kwa hasara ya mama yake.

Vitabu 140 vilitoka chumbani Ijumaa tarehe 5 Januari 2024, siku tatu kabla ya shule kufunguliwa. Simu ya mpwa wangu ilipata kioo kipya mwezi uliofuata. Mkeka twaufuta kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, na hapana aruhusiwaye kuweka kikombe cha chai juu yake, mgeni wala mwenyeji. Mzee hupita jioni akitoka kazini kwake. Huiacha kalamu yake ya seremala pale nyuma ya mkeka, upande wa kulia, ambapo ukanda wa mbao una upana wa sentimita 2 na nusu na kalamu hukaa bila ya kuviringika. Asubuhi huja kuichukua, akanywa chai akiwa amesimama.